Bati la Bi Khuleta

Khitma ilipokwisha, mikeka ikakunjwa,
ubani ungali umeshika mapazia,
Shangazi Rukiya alipanda ghorofani
akashuka na bati la biskuti, kifuniko kimeota kutu.
Tulidhani nyuzi na sindano.

Juu kabisa: noti za elfu, zile za zamani,
ishirini na tatu, zimebanwa kwa mpira wa nywele.
Zilimtangulia kufa.
Redio ilitangaza, Marikiti ilitangaza,
hata muuza mabamia alizikataa,
na Bibi akisema, Nitakwenda Jumatatu.
Jumatatu goti lilimuuma.
Jumatatu ya pili kukanyesha.
Tena benki ina ngazi, na karani asiyeamkua.

Chini yake ndururu na peni zenye tundu,
zimetungwa kwa mkonge kama utunda wa kiunoni.
Shekuwe akachungulia tunduni,
akamwona paka wa jirani amekuwa mviringo.

Chini ya hizo, rupia nane.
Hizi za mamake, aliyeoka mofa pale Kuze.
Rupia ikageuzwa florini,
florini hata jina halijazoeleka mdomoni
ikageuzwa shilingi.
Wenye habari walibadilisha mapema.
Yeye, mikono imo ungani, habari ilimfikia imepoa.
Kumbe nyumba hii ilikwisha kuungua mara moja
na bado tulifunzwa: akiba haiozi.

Tulilipeleka bati Ndia Kuu kwa sonara Kantilal.
Akavaa miwani. Akashika pesa ya shaba
yenye mizani, na jina la mji wetu pembezoni.
"Mizani hii," akasema, "haijapata kupima kitu."
Akageuza riale: mwanamke wa kifua kipana,
na mwaka, 1780.
"Zilipigwa hata miaka mia baadaye,
mwaka ni huohuo. Watu walikataa mwingine."
Hiyo tu ndiyo aliyoitaka. Kwa uzito.
Rukiya akafunga kifuniko.

Chini kabisa, simbi tatu.
Hakuna aliyejua zilinunua nini:
jembe, mtumwa, au pishi ya mtama.
Mtoto alitia moja sikioni, akasema imelala.

Na ndani ya kifuniko, kwa penseli, mkono wa Bibi:

*Pesa ni mgeni wangu, hubisha hodi akenda,
humtandikia changu kitanda akakiponda,
leo huziita zangu, kesho ni za alopenda,
hubaki na chungu changu na mkono wa kupanda.*

Tulikuwa tungali tunasoma
kabambe lake likatetemeka kabatini, kati ya vikombe.
Umepokea shilingi 250 kutoka kwa Nyevu Charo.
Salio lako ni shilingi 1,730.

Tukampigia. Sauti ya Kongowea, kelele za vitunguu:
"Mama, niwie radhi, nimechelewa.
Ni zile za kaimati, za Ramadhani."
Rukiya akamwambia.
Vitunguu vikaendelea kuuzwa nyuma yake, muda mrefu.
Kisha: "Basi zikae hapohapo. Deni si langu tena."

Zikae wapi?
Bati lina pesa zenye mwili, hazinunui hata kiberiti.
Simu ina pesa zinazonunua, hazina mwili,
na namba ya siri Bibi amekwenda nayo
mahali ambapo hapaulizwi salio.

Tulijaribu mwaka aliozaliwa, ambao hata yeye
alikuwa akiukisia kwa mafuriko.
Sivyo.
Shekuwe akanyakua simu, akabonyeza 1780.
Sote tukashika pumzi, kama watu wa kamari.
Sivyo.

Limebaki jaribio moja.
Hatujalitumia.
Simu tumeilaza batini, juu ya noti,
na kila Ijumaa, baada ya kurudi makaburini,
mmoja wetu huifunua
akaitia moto.